Vitabu Vinne, Macho Mawili

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua haijaanza, ila mawingu yamekwisha kupanga foleni upande wa bahari. Kazi nimeianza leo, na daftari hili nimelianza leo, ili siku nitakapokuwa karani wa kudumu wa chama nisisahau nilikotoka.

Chama chenyewe ni cha wakulima wa mtaro wa Sabaki. Majina ya wanachama yameandikwa kwa mkono katika vitabu vinne vikubwa, na mwaka jana paa lilivuja, kitabu cha kwanza kikalowa. Kamati ikaamua kila kitu kiingizwe kwenye kompyuta kabla ya mkutano mkuu wa tarehe 28 Juni. Siku hiyo orodha itasomwa mbele ya watu wote, na hiyo itakayosomwa ndiyo itakayogawa upya mashamba ya kando ya mtaro. Aliyemo atalima. Asiyekuwemo ataambiwa asubiri, na hapa kwetu anayeambiwa asubiri huzeeka akisubiri.

Nimepewa vitabu vitatu. Cha nne amepewa katibu, Mzee Tsuma, aliyekuwa mgema miaka ishirini mpaka magoti yakamkatalia kupanda minazi. Anachapa kwa vidole viwili, na miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Mimi nimechapa miaka kumi na minne katika duka la kompyuta mjini Malindi, barua za mapenzi, za kesi na za kuomba kazi, wala sitazami vidole. Mwenyekiti, Bwana Mwambire, alisimama nyuma yangu dakika tano akasema, "Huyu si mtu, huyu ni mashine." Nikimaliza bila dosari, nafasi ni yangu. Nitamaliza.

Jumanne, 8 Aprili

Majina tisini na mawili. Mzee Tsuma, kumi na tisa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemchunguza Mzee Tsuma wiki nzima. Kila akimaliza ukurasa, huinuka, huenda mlangoni, husimama akitazama kilele cha mnazi ulio ng'ambo ya barabara. Hutazama kana kwamba ameacha kisu chake kule juu. Kisha hurudi, huketi, huanza tena kugonga kidole kimoja kimoja.

Leo nilishindwa kunyamaza. "Mzee Tsuma, kwani unatafuta nini kule?"

"Natazama kama mgema wa siku hizi anaijua kazi," akasema.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na wewe hata hujasifiwa bado."

Mama Mwaringa, anayetuuzia chai na viazi karai pale kizingitini, alicheka mpaka akaweka birika chini. Jina lake ni Kadii, lakini hapa sote twamwita kwa jina la mwanawe. Mzee Tsuma naye alicheka. Huyu mtu hakasiriki, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua imefika, kubwa, ya kupiga mabati hadi watu tunazungumza kwa mikono. Madirisha tumeyafunga. Feni nimeielekeza usoni maana joto la humu si mchezo. Nyuma yangu taa, mbele yangu kioo cha kompyuta, na kwenye kioo naiona taa na paji langu la uso. Majina mia moja na manne.

Jumanne, 22 Aprili

Baada ya Pasaka. Kitabu cha kwanza kimekwisha. Kichwa kinagonga juu ya nyusi. Nimemeza vidonge viwili.

Ijumaa, 25 Aprili

Stima ilipotea tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Nimekasirika siku nzima. Nilikaa kibarazani nikimsikiliza Mama Mwaringa akinisimulia habari za mwanawe, kijana wa miaka thelathini na miwili ambaye tayari ameatika kitalu cha nyanya akingojea shamba lake lithibitishwe. Kichwa hakikuuma. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 28 Aprili

Macho yanachoma, kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi. Halafu yanatoa machozi. Nilimwambia Mama Mwaringa ni vumbi. Akanitazama kwa kichwa cha upande, akasema, "Vumbi la wapi na mvua hii, mwanangu? Wewe umetupiwa jicho. Mwenyekiti anakusifu mno mbele za watu, na si wote wanaofurahi."

Akamtupia Mzee Tsuma macho ya pembeni. Nakiri kwamba jambo hilo lilinikaa moyoni njia nzima.

Jumanne, 29 Aprili

Nimenunua miwani ya kusomea sokoni Malindi, kwa mchuuzi anayeitandaza juu ya turubai. Nilijaribu mitano, nikachukua iliyokuza herufi zaidi ya zote. Ukitaka kufa, kufa na jitu.

Jumatatu, 5 Mei

Ile miwani inanitaka niinamie kioo hadi pua inakaribia kugusa. Shingo imekuwa ubao. Lakini majina ni mia moja na saba, na Mwenyekiti amewaleta wajumbe watatu wa kamati waje kuniona nikichapa. Wakasimama nyuma yangu kama wanatazama ngoma. Niliongeza kasi.

Jumatano, 7 Mei

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, na hapa naliandika kwa sababu daftari halina mdomo. Ikifika saa nane mchana, mistari inazaa. Naona mstari, na chini yake kivuli cha mstari uleule. Tatu na nane sizitofautishi. Nikifunga macho na kuyafumbua, kivuli huondoka kisha hurudi.

Nimejiwekea kanuni. Mwenyekiti alikwisha kunionya kwamba kuna majina yaliyonakiliwa mara mbili kitabu kilipolowa, nisiyarudie. Basi nikikuta jina lilelile juu na chini, naliingiza moja, nasonga mbele. Ikiwa ni marudio, nimeyaondoa. Ikiwa ni macho yangu, nimeyashinda ujanja.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Kitabu cha pili kimekwisha.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Mzee Tsuma ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia achunge kitabu chake kimoja.

Alhamisi, 15 Mei

Stima hakuna, kutwa. Nimelala kidogo juu ya mkeka ofisini. Nilipoamka niliweza kusoma kalenda iliyo ukutani, mpaka yale maandishi madogo ya duka lililoichapisha. Hii ni mara ya pili. Stima ikikatika, napona. Kama ni jicho la husuda, basi mwenye jicho hilo anatumia umeme.

Jumatatu, 19 Mei

Kitabu cha tatu kimekwisha, wiki moja kabla ya siku niliyoahidi. Mwenyekiti amesema barua yangu ya kazi imekwisha kuandikwa, iko kwenye droo yake, imebaki kutiwa sahihi. Ningeruka kwa furaha kama kichwa kingeniruhusu. Badala yake nilitoka nje, nikainama kando ya ukuta, nikatapika chai.

Mzee Tsuma alinifuata na kopo la maji. Alisema tu, "Kesho usije hapa. Panda tuktuk uende Malindi, kwenye kliniki ya macho. Mwenyekiti nitamwambia mimi."

Jumanne, 20 Mei

Mtaalamu wa macho anaitwa Moraa, msichana wa Kisii, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nilimwita daktari, akasema, "Mimi si daktari, mama, mimi ni wa kupima macho tu. Kaa hapa. Ule ukuta unaona aje?"

Ukuta niliuona vizuri. Herufi za mbali nilizimaliza zote, na nilianza kujisifu moyoni. Kisha akanipa kadi ya kushika mkononi, na hapo nikaanza kuisukuma mbele na kuirudisha kama mpiga kodiani. Akaniuliza umri. Arobaini na sita.

"Basi hiyo ni kawaida, mama. Kila mtu akifika hapo jicho huanza kuwa gumu kwa vitu vya karibu. Hakuna mtu amekuroga. Na hiyo miwani uliyovaa ni ya nani?"

Nilimwambia ni yangu, ya sokoni. Akaigeuza mkononi, akatabasamu. Akasema hiyo ni ya mtu anayesoma kitabu kifuani, tena mtu mzee kuliko mimi, ndiyo maana inanivuta kwenye kioo. Kompyuta hukaa mbali kidogo, urefu wa mkono, na huo ndio urefu wa kupimia miwani yangu.

Kisha akaanza kuniuliza maswali kama askari. Feni inaelekea wapi? Usoni. Dirisha na taa ziko wapi? Nyuma yangu, naziona kwenye kioo. Kitabu ninachonakili kiko wapi? Kimelala mezani, kwa hiyo kutwa natazama chini, juu, chini, juu. "Na unapepesa macho?" Nilicheka. Nani huhesabu? Akaniwekea karatasi ya kusoma, yeye akahesabu. Nilikuwa nakodoa macho kama samaki wa barafuni. Alisema tukikazia kitu macho husahau kupepesa, yakauka, na yakikauka sana hujitetea kwa kutoa machozi. Na mimi nikaielekeza feni iyakaushe zaidi.

Nilimweleza ile mistari inayozaa. Hapo aliacha kutabasamu. Alinifunika jicho moja, akanifunika la pili, akanifuatisha kalamu huku na huku kwa muda mrefu. Mwishowe akasema ni uchovu wa misuli inayoyageuza macho yatazame karibu, kwa kuwa kivuli kinakuja nikishafanya kazi kwa saa nyingi na kinaondoka nikipumzika. Kama ningeona viwili hata asubuhi nimetoka kulala, angenipeleka hospitali kubwa leo hii. Kompyuta haijaniharibu macho, akasema, imeyachosha, na aliyekataa kuyapumzisha ni mimi.

"Kila dakika ishirini, acha kazi. Angalia kitu kiko mbali, hatua nane hivi ama zaidi. Hesabu polepole mpaka ishirini. Halafu rudi."

"Kitu kama kilele cha mnazi?"

"Mnazi ni sawa kabisa. Nani alikuonyesha?"

Nilitazama dirishani, mbali.

Ijumaa, 23 Mei

Miwani imekuwa tayari. Ofisini nimegeuza meza, sasa dirisha liko ubavuni. Feni inapuliza miguu. Kioo nimekiteremsha kwa kuondoa katoni iliyokuwa chini yake, kwa hiyo macho yanashuka kidogo kukitazama.

Mzee Tsuma alikuwa akitazama mahangaiko haya. Mchana akatoka, akarudi na mbuzi ya kukunia nazi, ameng'oa chuma chake. Akaikunjua juu ya meza kando ya kioo, miguu ikapishana, akakisimamisha kitabu juu yake kama msahafu juu ya marufaa. Kitabu sasa kiko karibu na kioo, macho yanakwenda upande tu, hayapandi wala hayashuki. Mama Mwaringa akauliza wali wa nazi utapikwa na nini huko kwake nyumbani. Mzee akasema mkewe bado hajajua.

Jumatatu, 26 Mei

Nataka kuandika haya polepole.

Leo nilianza kupitia kazi yangu upya, kwa majivuno tu, nilitaka kuona uzuri wake kwa macho mapya. Kitabu cha kwanza kilikuwa safi. Nikaingia cha pili, nikafika ukurasa ambao naukumbuka, kwa sababu siku ile mvua ilikuwa ikipiga na mistari ilikuwa ikizaa. Kitabuni pameandikwa: Mwaringa Baya, shamba namba 212, amezaliwa 1941. Chini yake: Mwaringa Baya, shamba namba 213, amezaliwa 1993. Wino uleule, mwandiko uleule. Nikafumba macho, nikahesabu mpaka ishirini, nikafumbua. Bado walikuwa wawili.

Kwenye kompyuta yuko mmoja. Shamba 213 halina mtu.

Wa kwanza ni mzee Mwaringa, babamkwe wa Mama Mwaringa. Mwanawe alikuwa Baya Mwaringa, marehemu. Na mwana wa huyo Baya ni Mwaringa Baya, mwenye kitalu cha nyanya. Babu na mjukuu, jina moja, kama ilivyo kwetu tangu zamani. Mimi mwenyewe ni Mgiriama. Mimi mwenyewe nimepewa jina la hawe, mama yake baba. Nyumbani kwetu ukiita Kahaso enzi hizo tulikuwa tukiitika wawili. Mtu wa kutoka mbali angesamehewa kwa kudhani ni marudio. Mimi nilijua, na nikafuta, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kuwafuta watu kuliko kusema macho yangu yamechoka.

Nikatafuta wengine. Kabla ya saa sita nilikuwa nimepata tisa. Wote ni babu na wajukuu, au nyanya na wajukuu. Na katika kila nyumba nilikuwa nimebakisha wa juu nikamfuta wa chini, yaani kijana, yule ambaye bado ana nguvu za kulima.

Wakati huo Mama Mwaringa akaingia na kikombe changu. Akakiweka mahali pake, akasema, "Kunywa, mwanangu. Leo uso wako umetulia. Mwanangu anakusalimu, asema ukishapata kazi atakuletea kikapu cha kwanza cha nyanya."

Nilisema ahsante.

Nitasema kweli, maana daftari hili nililianza kwa kiburi na silimalizi kwa uongo. Kwa muda wa kikombe kile cha chai nilifikiri kunyamaza. Ningeweza kuwarudisha kimyakimya hao tisa na nisitafute wengine. Barua iko kwenye droo. Mashine haikosei. Niliwaza hivyo na nikajiona mchafu, na chai ikapoa.

Mzee Tsuma alikuwa mlangoni, anatazama mnazi wake. Nikaenda nikasimama naye. Nikamwambia yote: kanuni yangu, vivuli, Mwaringa wawili, tisa mpaka sasa na Mungu ndiye anayejua wangapi bado. Nikamalizia, "Nilikutania kwa ile methali. Mgema ni mimi."

Mzee Tsuma aliuangalia mnazi wake. Kisha akasema, "Maji yameingia kwenye tembo, lakini tembo bado halijafika mangweni. Wanywaji hawajalionja. Tuna mwezi mzima, dada Kahaso. Nikusomee, uchape."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia habari ya macho tangu Aprili, na yeye anaijua.

"Ulikuwa husikii," akasema. "Juu ya mnazi, ukikazia macho kisu tu, utajikata au utaanguka. Unachonga, unatazama mbali, unachonga. Lakini mtu anayekimbia humwambii apumzike, atadhani unataka kumpita."

Nililia, machozi ya kweli haya, si yale ya ukavu.

Jumanne, 27 Mei

Nimemwambia Mwenyekiti. Alinisikiliza akizungusha kofia yake mkononi. Hakupaza sauti. Amesema barua itakaa kwenye droo mpaka mkutano uishe, na akaondoka bila kuniita mashine. Nimeona ni haki.

Kwa Mama Mwaringa nilikwenda mwenyewe, jioni jua halijatua. Nikamweleza yote. "Kumbe jicho lilikuwa lako mwenyewe," akasema. Kisha akasema mwanawe asiambiwe mpaka jina lirudi, maana angeng'oa miche kwa hasira. Lilikuwa limerudi asubuhi ileile. Nililichapa la kwanza.

Jumatatu, 2 Juni

Hivi ndivyo tunavyofanya kazi. Kitabu juu ya mbuzi, yeye anasoma kwa sauti jina, namba ya shamba na mwaka, mimi nachapa, kisha mimi namsomea yeye kutoka kwenye kioo. Ukurasa ukiisha tunainuka wote wawili tunakwenda mlangoni. Mnazi ule una makole sita ya nazi, na moja limeanza kukauka. Sikuwa najua.

Ishirini na sita wamerudi.

Alhamisi, 5 Juni

Majina arobaini kwa siku. Mchapaji wa Aprili angenicheka. Kichwa hakijauma siku tisa.

Jumanne, 10 Juni

Mvua ya mwisho mwisho, nyepesi. Mwenyekiti alipita, akatukuta sote wawili tumesimama mlangoni tunatazama juu. Akauliza kuna nini. Mzee Tsuma akamwambia tuko kazini.

Ijumaa, 20 Juni

Tumemaliza. Waliofutwa walikuwa hamsini na wanane, na wote hamsini na wanane wamerudi. Kitabu cha nne, cha Mzee Tsuma, nilikipitia kwa macho mapya na kwa nia mbaya kidogo, nikitafuta kosa hata moja. Sikulipata.

Jumamosi, 28 Juni

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, chini ya hema mbili. Mzee Tsuma ndiye katibu, kusoma ni kazi yake, lakini asubuhi alinipa karatasi akasema sauti yake haifiki nyuma. Sauti ya mtu aliyekuwa akiitana na wagema wenzake kutoka mnazi hadi mnazi. Karatasi nilizichukua.

Nilisoma nimesimama. Kila mwisho wa ukurasa niliinua macho nikatazama mbali, hadi ukingo wa uwanja, nikahesabu, nikarudi. Watu walidhani nawapa nafasi ya kunong'ona. Mwenyekiti alikuwa ameketi mbele, na bahasha mfukoni mwa shati, ncha yake imechungulia nje.

Nilifika kitabu cha pili. Niliiona 212 kabla sijaifikia.

"Mwaringa Baya," nikasoma, "212."

"Hapa," ikajibu sauti ya kizee.

"Mwaringa Baya, 213."

Kicheko kikapita chini ya hema. Mtu wa mstari wa mbele akasema, "Umerudia, mama. Hilo ushalisoma." Mwingine akasema ni miwani mipya hiyo. Mwenyekiti akanitazama.

Sikuangalia karatasi. Niliinua macho nikatazama kule nyuma kabisa, mbali, ambako siku hizi naona vizuri. Mzee Mwaringa alikuwa bado amesimama na mkongojo wake. Kando yake akainuka kijana mrefu, matope ya kitalu yangali kwenye viatu, na mama yake amemshika ncha ya shati kama anayeogopa atapeperushwa.

"Sikurudia," nikasema. "Wako wawili."

Nikageuza ukurasa, nikaendelea na 214.